Kijana Asiyejua Asomee Nini

SABATO MCHANA

Jifunze kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Mwa. 11:31–13:4, 1 Sam. 3:1–10, Dan. 1, Mhu. 11:1–6, Mt. 25:14–30, Mdo. 16:6–15, 19:8–10.

Fungu la kukariri: Mhubiri 11:6

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali moja huanza kuzunguka katika nyumba za waumini: "Sasa unakwenda kusomea nini?" Mjomba huliuliza kwa simu. Jirani huliuliza sokoni. Mzee wa kanisa huliuliza mlangoni ibada ikiisha, ameshika mkono wa kijana na hauachii mpaka ajibiwe. Na kijana hujibu. Hutaja sheria, au uuguzi, au uhasibu, kwa kuwa kutaja chochote ni afadhali kuliko kusimama kimya mbele ya watu wazima. Lakini wako wengi ambao jibu hilo limetoka mdomoni tu. Moyoni hawajui.

Nchini Marekani vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kuingia mwaka wa kwanza bila kutaja fani yoyote. Husoma masomo ya namna mbalimbali, na kwa kawaida hutakiwa kutangaza fani yake kuu ifikapo mwisho wa mwaka wa pili. Hata huko utaratibu huo si wa kale. Katikati ya karne ya 19 wanafunzi wa Harvard walisoma kwa sehemu kubwa masomo yale yale, Kigiriki, Kilatini na hisabati, na hakuna aliyewauliza wamechagua nini. Charles W. Eliot, aliyekiongoza chuo hicho kuanzia 1869 hadi 1909, ndiye aliyewafungulia wanafunzi mlango wa kujichagulia masomo. Aliyemfuata akawataka wajikite katika fani moja huku wakigusa na nyingine. Hiyo "fani" inayomnyima kijana usingizi ni jambo changa katika historia ya wanadamu.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni nyingine. Mwombaji wa Tanzania hutaja programu ya shahada siku ile ile anayoomba udahili, na programu anazoweza kuomba zimekwisha kupunguzwa na tahasusi aliyosoma kidato cha tano na cha sita. Aliyesoma HGL hawezi kuamka asubuhi akaomba udaktari. Nchini Kenya, KUCCPS huwapanga watahiniwa kwa alama zao na kwa machaguo waliyoyaorodhesha. Katika fomu hizo hakuna nafasi ya kuandika "sijui bado". Asiyejua huandika kitu. Ndiyo maana kwetu kijana ambaye hajachagua haonekani: amejaza fomu, amepata chuo, amepewa namba ya usajili, amepanda basi na sanduku lake, na bado hajachagua.

Lesoni ya juma hili inamhusu huyo, pamoja na wale wanaomzunguka. Yeye hukaa katika darasa la Shule ya Sabato akisikia kila juma kwamba Mungu ana mpango na maisha yake. Anaomba, lakini hasikii kitu. Polepole huanza kuwaza jambo zito kuliko kozi: kwamba Mungu husema na wengine, na yeye hayumo katika hesabu. Wako walioacha kuja kanisani mwaka wa kwanza wa chuo bila kugombana na fundisho hata moja. Walichoka kungojea sauti ambayo waliambiwa lazima waisikie.

JUMAPILI
Aliyeondoka kabla ya kuonyeshwa

Soma Mwanzo 11:31–12:9 na Waebrania 11:8. Siku alipoondoka Harani, Abramu alijua nini, na hakujua nini?

Agizo la Mungu kwa Abramu lilikuwa wazi upande mmoja na limefichwa upande wa pili. Vya kuacha vilitajwa kimoja kimoja: nchi, jamaa, nyumba ya baba. Mahali pa kwenda hapakutajwa. Pangeonyeshwa mbele ya safari. Kwa kijana anayetaka kuiona miaka yote minne ya chuo, na ajira itakayofuata, kabla hajakata tiketi ya basi, agizo la namna hii linaudhi. Lakini Biblia humweka Abramu kuwa baba wa waaminio kwa safari hiyo hiyo. Alimjua aliyemwita. Mengine aliyajua akiwa njiani.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Tera, baba yake, alikuwa ameshaondoka Uru kuelekea Kanaani, akaishia Harani, akakaa. Abramu hakurushwa katika barabara ngeni kabisa. Aliendelea na njia ambayo nyumba yao ilikwisha kuianza na kuiacha katikati. Mara nyingi uongozi wa Mungu huja hivyo, kupitia vitu vilivyomo nyumbani tayari: duka dogo la mama ambalo kijana amelitunzia daftari la madeni tangu darasa la sita, mbuzi aliowatibu kwa kubahatisha, watoto wa chekechea ya Sabato ambao binti amewafundisha kwa miaka mitatu bila mtu kumwambia kwamba hiyo nayo ni kazi. Vijana huomba ishara kutoka mbinguni huku wakiziruka ishara zilizotandikwa uani.

Na baada ya kuitika? Madhabahu Shekemu, madhabahu nyingine karibu na Betheli, maisha ya hema. Kisha njaa, safari ya Misri, uongo kuhusu Sarai, na aibu mbele ya Farao. Mtu aliyeitwa na Mungu alipoteza njia karibu mara tu baada ya kuianza. Mungu hakumfuta. Abramu alirudi mpaka mahali pale pale penye madhabahu aliyoifanya karibu na Betheli na kuliitia tena jina la Bwana (Mwa. 13:3, 4). Aliyeanza kozi isiyomfaa hana sababu ya kudhani kwamba amekwisha kutoka nje ya mikono ya Mungu. Safari ya Misri ilikuwa ya hasara, na Mwanzo haifichi hasara hiyo, lakini njia ya kurudi Betheli ilikuwa bado ipo.

JUMATATU
Danieli hakuchagua kozi

Soma Danieli 1 yote. Tengeneza orodha mbili: mambo ambayo Danieli alichaguliwa, na jambo ambalo alilichagua mwenyewe.

Orodha ya kwanza ni ndefu. Mji hakuuchagua; alipelekwa. Chuo hakukichagua. Masomo yalipangwa na mfalme: maandishi na lugha ya Wakaldayo. Muda ulipangwa, miaka mitatu. Chakula kilipangwa. Hata jina alibadilishiwa, akaitwa Belteshaza. Wakaldayo walisifika kwa kutazama nyota na kufasiri dalili, na haielekei kwamba kijana wa Yuda aliyelelewa katika torati angeandika masomo hayo chaguo la kwanza kama angepewa fomu.

Orodha ya pili ina jambo moja. Alikusudia moyoni asijitie unajisi (fungu la 8).

Inashangaza ni vita vingapi Danieli aliviacha vipite. Hakukataa shule, wala lugha ya waliouteka mji wake, wala jina, ingawa jina lile lilikuwa na mungu wa Babeli ndani yake. Alitafuta mahali ambapo dhamiri yake iliguswa hasa, akasimama hapo. Kisha, katika fungu la 17, Mungu anawapa vijana wale maarifa na ujuzi katika elimu ile ile ambayo hawakuichagua. Baraka iliwakuta ndani ya kozi ya Nebukadreza.

Wanafunzi wengi wa nchi zetu wako karibu na Danieli kuliko wanavyo karibu na kijana wa Marekani mwenye miaka miwili ya kutafuta. Alama zimewapanga, mkopo umewapanga, nafasi zilizobaki zimewapanga. Aliyeomba uhandisi amejikuta katika ualimu wa fizikia. Kwake swali "Je, hii ndiyo kozi ambayo Mungu aliniandalia tangu milele?" linaweza kumchosha bila jibu. Swali la Danieli linajibika leo: nikiwa hapa nilipo, ni kitu gani sitakifanya, na ni kitu gani nitakifanya kwa moyo wote?

Kwa Mwadventista, jambo la kwanza kuuliza kuhusu kozi ni Sabato, na si mshahara. Ziko kozi zenye maabara, mazoezi ya vitendo au zamu ambazo huangukia Jumamosi. Iko mitihani inayopangwa Jumamosi. Mambo haya yaulizwe kabla ya kukubali nafasi, na yakishindikana kujulikana mapema, yaulizwe juma la kwanza, si usiku wa kuamkia mtihani. Angalia namna Danieli alivyofanya. Alianza kwa mkuu wa matowashi, kwa adabu. Alipoona mkuu ana hofu ya mfalme, hakumdharau wala hakugoma; alimwendea msimamizi aliye chini yake na kuomba jaribio la siku kumi. Barua ya mapema kwa mkuu wa idara, ikiambatana na barua ya mchungaji na kauli ya viongozi wa wanafunzi Waadventista chuoni, ni ya ukoo mmoja na zile siku kumi. Haifanikiwi kila mara. Wako waliorudia somo kwa ajili ya Sabato, na wako waliopoteza mwaka. Kiongozi wa darasa asiwafiche vijana jambo hilo.

Lakini tusimtumie Danieli vibaya. Yeye alikuwa mateka. Kijana mwenye uhuru wa kuchagua, aliye bado na juma moja la kubadilisha machaguo yake, asiseme "kokote Mungu atanibariki" kwa kuwa anaona uvivu kuuliza. Vyuo huweka kipindi kifupi cha kuhamia programu nyingine mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Kukitumia si kukosa imani.

Kozi yako, au ya mwanao, ina mahali gani ambapo dhamiri itaguswa? Ni nani chuoni anayepaswa kuelezwa mapema?

JUMANNE
Mlango uliofungwa mara mbili

Soma Matendo 16:6–10. Paulo alikuwa akifanya nini alipozuiwa?

Kama kuna kifungu ambacho kila anayejaza fomu ya udahili angepaswa kukisoma polepole, ni hiki. Paulo, Sila na Timotheo walikuwa wamepita Frigia na Galatia. Walizuiwa kulihubiri neno katika Asia, yaani jimbo la Kirumi lenye mji mkubwa wa Efeso. Wakageukia upande wa kaskazini, wakajaribu kuingia Bithinia. Wakazuiwa tena. Wakapita Misia, wakashuka hadi Troa, mji wa bandari ambako nchi inaishia na bahari inaanza. Hapo ndipo maono ya mtu wa Makedonia yalipokuja.

Luka haelezi walizuiwaje. Inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa unabii, inaweza kuwa njia mbovu. Msomaji anaachwa bila kuambiwa. Anachoambiwa ni kwamba mtume aliyejazwa Roho alikosea mwelekeo mara mbili mfululizo, kwa nia njema, na Luka hamlaumu. Watu hawa walizuiwa wakiwa wanatembea. Wangebaki Antiokia wakingojea waonyeshwe ramani nzima, wasingefika Troa, na kutoka Troa ndiko meli za Makedonia zilikoondokea.

Soma fungu la 10 kwa uangalifu. Maono aliyaona mmoja, lakini waliofikia uamuzi ni kundi zima. Hapo ndipo Luka anapoanza kuandika "sisi". Walipima maono pamoja na yale waliyoyapitia: kule kumefungwa, na kule kumefungwa, hapa kuna bahari mbele yetu, na ndugu yetu ameota mtu anayeomba msaada. Wakaona kwamba Mungu amewaita. Kuna sala katika uamuzi huu, na kuna hesabu pia. Kijana anayefunga na kuomba siku tatu bila kumuuliza mtu yeyote anayefanya kazi ile anayoitamani hajafuata mfano wa Troa.

Walipofika Filipi hawakumkuta yule mwanamume wa maono. Walikuta wanawake kando ya mto, na Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau. Baadaye walipigwa viboko na kutiwa gerezani. Mtu akipata kozi aliyoiombea kisha akakuta mwaka wa kwanza ni mgumu, asiharakishe kusema kwamba alisikia vibaya.

Na Asia, je? Watu husahau kurudi kuiangalia. Katika Matendo 19:8–10 Paulo yuko Efeso, ndani ya Asia ile ile aliyozuiwa, na anafundisha huko kwa miaka miwili hata wakaao katika jimbo zima wakalisikia neno. Kilichofungwa kilifunguliwa. Binti aliyekosa nafasi ya udaktari mwaka huu kwa alama moja hajui kama ni Bithinia, ambako Luka haonyeshi Paulo akifika kamwe, au ni Asia. Hana haja ya kujua leo. Anachohitaji ni kujua kama kuna barabara nyingine iliyo wazi mbele yake sasa.

JUMATANO
Aliyefukia kwa hofu

Soma Mathayo 25:24–30 na Mhubiri 11:4–6.

Kutojua ni jambo moja. Kujificha nyuma ya kutojua ni jambo jingine. Mtumwa wa tatu hakuipoteza talanta ya bwana wake kwa anasa. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na maelezo mazuri. Mhubiri naye anamjua mtu huyu: anatazama upepo, hapandi, anatazama mawingu, havuni. Mkulima wa mvua za masika anaelewa. Kuna juma ambalo mbegu lazima iingie ardhini, hata kama redio imesema mvua ni ya mashaka.

Mhubiri anashauri kupanda asubuhi na kutolegeza mkono jioni, kwa sababu hakuna ajuaye ipi itakayofaa. Ushauri huu unafaa sana kwa mwaka wa kwanza. Somo la hiari nje ya fani, likizo ya wiki mbili katika ofisi ya mtu anayefanya kazi ile, kujitolea zahanati, kufundisha wanafunzi wa kidato cha pili hisabati bila malipo: hizo zote ni mbegu za jioni. Anayefanya hivyo kwa mwaka mmoja hujua mengi kuhusu nafsi yake ambayo hakuyajua alipokuwa akijaza fomu.

Kanisa nalo lina lake la kujibu hapa. Tumewalea vijana wakidhani kwamba kazi zinazompendeza Mungu ni tatu: mchungaji, daktari, mwalimu. Lakini mtu wa kwanza katika Biblia ambaye imeandikwa kwamba Mungu alimjaza roho yake kwa ajili ya kazi ya mikono ni Besaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao (Kut. 31:1–5). Kijana mwenye mikono ya Besaleli aliyelazimishwa kusoma shahada kwa ajili ya jina, wakati chuo cha VETA kingemfaa zaidi, amefukiwa talanta yake na watu wengine, na mara nyingine waliomfukia ni wazee wa kanisa lake.

Je, kuna kazi ambazo kanisa lenu halijawahi kuziombea mbele ya kusanyiko? Kwa nini?

ALHAMISI
Eli alirudi kulala

Soma 1 Samweli 3:1–10. Eli alimsaidiaje Samweli, na aliacha kufanya nini?

Chukua mfano wa nyumba moja, ambayo inaweza kuwa yoyote katika milima ya Upare. Baba analima tangawizi. Binti yake wa kwanza alisoma EGM, akapata nafasi ya shahada ya uhasibu Dar es Salaam. Mkopo haukutosha. Baba aliuza ng'ombe, kisha akauza tangawizi ikiwa bado shambani, kwa bei ya mnunuzi. Likizo ya mwaka wa kwanza binti amerudi, na jioni wanasafisha tangawizi uani.

"Baba, naomba kusema jambo."

"Sema, mwanangu."

"Kozi hii sikuichagua. Niliijaza kwa sababu alama zilifika."

Baba aliendelea kukwangua udongo. "Unafeli?"

"Hapana, Baba. Nafaulu."

"Sasa shida iko wapi?"

"Wenzangu wa TUCASA husimama wakashuhudia jinsi Mungu alivyowaita. Nikiomba mimi, sisikii kitu. Naogopa nimekula ng'ombe wako bure."

Alinyamaza muda mrefu, hata mama akatoka jikoni kuona kuna nini. Kisha akasema, "Huyo ng'ombe usimhesabu. Ameshauzwa. Mimi nilipokuwa rika lako nilimkuta babu yako kwenye tangawizi, nikaendelea. Sikumwuliza Mungu. Niliogopa atasema kitu kingine." Akachukua kipande kingine. "Yule mama anayekagua hesabu za makanisa anakuja mwezi huu. Kaa naye siku mbili. Uone hiyo kazi inafananaje mtu akishaizeekea. Halafu tuongee tena, kabla hujarudi chuoni."

Mfano unaishia hapo. Haijulikani binti alibaki katika uhasibu au alihama. Linaloonekana ni mambo mawili aliyoyafanya baba. Alimwondolea binti deni la ng'ombe, kwa kuwa mtoto aliyefungwa na deni hilo hawezi kusikia sauti yoyote isipokuwa ya ng'ombe. Na hakujifanya nabii. Hakusema "Mungu ameniambia ubaki," wala "Mungu ameniambia uache."

Samweli alikuwa mtoto wa nadhiri. Mama yake alimtoa kwa Bwana kabla hajazaliwa, na wazazi wengi Waadventista wamefanya vivyo hivyo, wakaongeza na jina la taaluma juu yake. Pamoja na nadhiri hiyo, siku ilifika ambapo Samweli ilibidi aitwe mwenyewe, na hakuitambua sauti. Mara tatu alimkimbilia Eli, akidhani ni mzee anaita. Hilo litufariji: mtoto aliyelala ndani ya hekalu la Bwana alisikia sauti ya Mungu na kuidhani ya mtu. Kutotambua mara ya kwanza si dalili ya kukataliwa.

Eli, pamoja na udhaifu wake wote, usiku ule alifanya kazi ya mzee ipasavyo. Alimfundisha kijana namna ya kuitika, akamrudisha mahali pake, akamwachia Mungu aseme. Hakukaa kando ya kitanda kusikiliza. Mzazi anayesema "nimeshakuombea uwe daktari" amekaa kando ya kitanda.

IJUMAA
Jifunze zaidi

Katika kitabu chake cha Elimu, kilichotolewa 1903, Ellen G. White ana sura kuhusu kazi ya maisha. Yeye mwenyewe shule yake ilikatika akiwa na umri wa miaka tisa baada ya kupigwa jiwe usoni, kwa hiyo aliandika kuhusu elimu akiwa mtu aliyenyimwa njia ya kawaida. Shauri lake katika sura hiyo ni la vitendo: kutenda kwa uaminifu kazi iliyo karibu zaidi, kumkabidhi Mungu njia zetu, na kuziangalia dalili za maongozi yake. Wanaosoma sura hiyo wataona kwamba hasemi kila mtu atasikia sauti.

Historia ya kanisa ina mifano ya pande zote. Uriah Smith alikatwa mguu akiwa kijana, akasoma akitazamia kazi ya ualimu, lakini 1853 aliingia katika ofisi ya gazeti la Review and Herald, na huko akatumia sehemu kubwa ya maisha yake. Mikono yake haikulala: alibuni mguu wa bandia ulio bora kuliko aliokuwa akiuvaa, akapewa hati ya ubunifu. John Harvey Kellogg naye, mwaka 1872, alikuwa katika chuo cha ualimu huko Michigan. James na Ellen White walimhimiza asomee tiba. Alihitimu udaktari New York 1875, na 1876, akiwa na miaka 24, akapewa kuiongoza taasisi ya afya ya Battle Creek, akaifanya ijulikane duniani.

Mtu angesema huo ndio mfano kamili wa kijana aliyebadilishiwa kozi na Mungu. Lakini mwaka 1907 Kellogg aliondolewa katika ushirika wa kanisa. Kozi aliipata, na kipawa alikuwa nacho, na kazi aliifanya kwa ustadi hata mwisho. Vijana wanaodhani kwamba wakishaipata fani sahihi nafsi zao zitakuwa salama waisome habari hiyo yote, si nusu yake ya kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Mshiriki mmoja anasema, "Mungu amemwandalia kila mtu kazi moja tu, ukiikosa umeyakosa mapenzi yake." Mwingine anasema, "Mungu hajali unasomea nini, mradi uwe mwaminifu." Ukitumia Danieli 1 na Matendo 16, kila mmoja amekosea wapi, na kila mmoja ana ukweli gani?

2. Shuhuda za wito zinazotolewa kanisani zina faida gani kwa vijana ambao hawajasikia kitu, na zina madhara gani? Je, kanisa lenu limewahi kumpa nafasi ya kushuhudia mtu ambaye bado hajui?

3. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amegundua kwamba kozi yake ina mazoezi ya lazima kila Jumamosi katika mwaka wa tatu. Ada imelipwa kwa miaka miwili. Kundi lenu lingemshauri nini, na kanisa lenu liko tayari kubeba sehemu gani ya hasara yake?

4. Wazazi waliomo katika kundi: mlipouza shamba au ng'ombe kwa ajili ya ada, mtoto alielewa kwamba anadaiwa nini?

5. Katika kundi lenu wamo watu wanaofanya kazi gani? Andikeni majina na kazi zao kwenye karatasi, na kabla ya kufunga darasa mwangalie ni kijana yupi anaweza kukaa na nani kwa siku mbili likizo ijayo.